Mtoto Anataka Nyoka wa Mahindi: Tumchagulie Rangi Ipi?

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wazazi na vijana wa jumuiya yetu ya wasemao Kiswahili hapa Greensboro, North Carolina. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu wa kutoka Uvira, Bujumbura, Kigoma, Mombasa na kwingineko, na ninyi vijana ambao leo mmewahi viti vya mbele kuliko siku nyingine yoyote: wazee shikamooni, na wengine nawasalimu kwa heshima zote.

Nimeombwa nizungumze juu ya nyoka, na najua kwamba kwa baadhi yenu neno hilo peke yake linatosha kumfanya mtu asogeze kiti karibu na mlango. Siwalaumu. Tumetoka katika nchi za koboko, swila na kifutu, na mzee aliyelelewa akijua kwamba nyoka ndani ya nyumba ni jambo la kuitiwa fimbo hawezi kugeuzwa na hotuba moja ya jioni. Sikuja kumgeuza. Nimekuja kwa sababu watoto wetu wanamwona nyoka wa mahindi katika madarasa ya sayansi na katika makumbusho, wanarudi nyumbani wakiomba wafugiwe, na wazazi ambao wamekwisha kushindwa katika mjadala huo hunipigia simu wakiwa na swali moja: achague rangi ipi?

Jibu langu nitalisema mapema, ili hata atakayetoka kupokea simu asilikose. Usimchagulie mtoto rangi ya kinda aliyelala ndani ya kikopo cha plastiki, mchagulie ukoo. Waone wazazi wa kinda huyo. Uliza habari za wazazi. Muuzaji asiyeweza kuonyesha wazazi, wala picha zao, wala maandishi yoyote juu yao, anakuuzia jina tu, na majina ya rangi za nyoka hawa ni mengi mno kiasi kwamba mtu yeyote anaweza kulibandika lolote juu ya kikopo chochote.

Kwa wale wasiomfahamu mnyama mwenyewe, nitapita haraka. Nyoka wa mahindi ni mwenyeji wa mashariki na kusini-mashariki mwa Marekani, kuanzia New Jersey hadi Florida, kwa hiyo hapa tulipo sisi ndio wageni wake. Hana sumu, huua panya kwa kumbana. Akikomaa, wengi wao huwa na urefu wa kati ya sentimita 90 na 150, na akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20, wengine zaidi. Mama mwenye mtoto wa miaka kumi anayeomba nyoka leo na apige hesabu hiyo kwa makini: mtoto ataondoka kwenda chuo, nyoka atabaki, na atakayekuwa akitoa panya waliogandishwa kwenye friza ni nani?

Sasa tuingie kwenye rangi, na tuanze na ile ya porini, kwa sababu ndiyo mama wa rangi nyingine zote.

Nyoka wa mahindi wa kawaida ana mwili wa rangi ya machungwa iliyofifia, au kahawia inayoelekea kwenye kijivu. Mgongoni ana mabaka makubwa mekundu yaliyozungushiwa mstari mweusi, kichwani ana alama yenye umbo la ncha ya mkuki, na ukimgeuza tumbo utaona vijisanduku vyeusi na vyeupe vilivyopangwa kama ubao wa dama. Ni nyoka mzuri sana, na nasema bila kusitasita kwamba watu wengi humpita mezani kwa sababu tu ni wa bei nafuu. Lakini hapa North Carolina rangi hiyo ina hatari yake. Jirani mmoja, mwenzetu, aliniita majira ya joto akisema ameua nyoka wa sumu nyuma ya gereji, na watoto wake walikuwa wamesimama mbali wakimpongeza. Alidhani ni copperhead, ambaye kweli ana sumu na kweli amejaa katika jimbo hili. Nilipofika nilimgeuza yule nyoka kwa kijiti, na tumbo lake lilikuwa la vijisanduku vyeusi na vyeupe kuanzia shingoni hadi karibu na mkia. Copperhead hana tumbo la namna hiyo. Tena mikanda ya copperhead huwa myembamba juu ya uti wa mgongo na hupanuka inaposhuka ubavuni, ilhali mabaka ya nyoka wa mahindi hukaa juu ya mgongo yakiwa mapana hapo hapo juu.

Kwa nini nawaeleza hadithi ya nyoka aliyekwisha kufa? Kwa sababu nyoka wa kufugwa hutoroka. Kifuniko kikiachwa wazi usiku mmoja tu, kesho yake yuko nyuma ya jokofu au yuko nje kwa jirani. Akiwa wa rangi ya porini, jirani atamuua akiamini anaokoa watoto. Akiwa mweupe, au mwekundu mwenye macho mekundu, mtu yeyote atakayemwona atajua mara moja kwamba huyo ni wa mtu, na atagonga mlango kuuliza. Ndiyo maana kwa familia zinazoishi katika majengo ya ghorofa na nyumba zilizobanana, mimi hupendekeza rangi isiyopatikana porini, kwa usalama wa nyoka mwenyewe.

Na kuna suala la sheria, ambalo nitaligusa tu. Majimbo hayafanani. Hawaii haimruhusu raia kufuga nyoka wa aina yoyote. New Jersey huhesabu nyoka wa mahindi wa porini kuwa katika hatari ya kutoweka, na mfugaji huhitaji kibali. Georgia ina sheria inayowalinda nyoka wake wa asili wasio na sumu, na huyu ni mmoja wao. Yeyote anayefikiria kuhamia Atlanta aiulize kwanza idara ya wanyamapori ya huko kabla ya kupakia tangi la kioo kwenye lori.

Bado tuko kwenye rangi ya porini, kwa maana hata hiyo ina matabaka. Vijana mtakutana na jina Okeetee. Hilo ni jina la klabu ya uwindaji iliyo katika wilaya ya Jasper, South Carolina, ambako nyoka wa mahindi walijulikana kwa rangi ya machungwa iliyokolea na mistari meusi mipana kuzunguka mabaka. Carl Kauffeld, aliyekuwa mtunzaji wa reptilia katika bustani ya wanyama ya Staten Island, aliandika juu ya eneo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1957, na tangu hapo jina hilo likawa na thamani sokoni. Leo utaona kinda anaitwa Okeetee ambaye mababu zake hawajawahi kuigusa South Carolina. Anaitwa hivyo kwa kuwa anafanana nao. Je, huo ni udanganyifu? Hapana, iwapo muuzaji anasema wazi kwamba amemchagua kwa sura. Ni udanganyifu anapokutoza bei ya ukoo wa Jasper bila kuweza kukueleza ukoo huo ulimfikiaje. Vivyo hivyo kwa jina Miami, ambalo ni la nyoka mwenye mwili wa kijivu na mabaka ya machungwa: kuna wa kutoka Florida ya kusini kweli, na kuna waliochaguliwa kwa kufanana. Uliza. Mwenye ukoo halisi hufurahia kuulizwa.

Ndugu zangu, sasa nafika mahali ambapo nitawaomba uvumilivu, kwa sababu hapa ndipo fedha zenu zinapopotelea. Nitawasimulia habari ya nyoka mmoja wa jimbo hili hili.

Mwaka 1953, hapa North Carolina, alikamatwa porini dume la nyoka wa mahindi ambalo halikuwa na weusi wowote mwilini. Mabaka yalikuwepo, wekundu ulikuwepo, lakini mistari meusi haikuwepo, na macho yalikuwa mekundu. Nyoka huyo aliishia mikononi mwa Daktari H. Bernard Bechtel, tabibu wa magonjwa ya ngozi katika mji wa Valdosta, Georgia. Daktari akampandisha na jike la kawaida. Makinda walipoanguliwa, wote walikuwa wa kawaida. Wote! Mtu mwenye haraka angefunga daftari hapo, akasema rangi ile ilikuwa ajali na imepotea. Daktari hakuwa na haraka. Aliwalea makinda wale wakakua, akawapandisha wao kwa wao, na mwaka 1961 wakaanguliwa makinda wasio na weusi, wenye macho mekundu, kama babu yao. Mwaka uliofuata yeye na mkewe walichapisha matokeo hayo katika jarida la kisayansi, na biashara yote ya rangi za nyoka wa mahindi mnayoiona leo imesimama juu ya msingi huo.

Daktari Bechtel alikuwa ameonyesha nini? Alikuwa ameonyesha kwamba rangi hurithiwa kwa jeni, na kwamba jeni nyingine hujificha. Kila kinda hupokea nakala moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Jeni inayofuta weusi haionekani mpaka zikutane nakala zake mbili. Kinda mwenye nakala moja tu ana sura ya kawaida kabisa, lakini amebeba. Ukiwapandisha wawili waliobeba, kwa wastani katika kila makinda wanne, mmoja hatakuwa na weusi, wawili watakuwa wamebeba kwa siri, na mmoja hatakuwa na chochote. Nasema kwa wastani. Mayai hayasomi hesabu, na kijana atakayepata mayai kumi na mbili asinilalamikie kwamba alistahili watatu.

Huyu asiye na weusi wafugaji humwita amel. Yupo na mwingine aliyekosa wekundu, akabaki wa kijivu na nyeusi. Huyo humwita anery, na jeni yake imepatikana pia porini, huko Florida. Sasa tafakarini: nini kitatokea nyoka mmoja akipata nakala mbili za jeni ya kufuta weusi na nakala mbili za jeni ya kufuta wekundu? Weusi umeondoka, wekundu umeondoka. Kinachobaki ni nyoka mweupe mwenye rangi ya waridi kwa mbali, naye ndiye anayeuzwa kwa jina la Snow. Kumpata kutoka kwa wazazi wawili wenye sura ya kawaida waliobeba jeni zote mbili, wastani wake ni mmoja katika makinda kumi na sita. Ghost ni anery ambaye pia ana jeni ya kupunguza weusi. Butter, nyoka wa manjano, ni amel aliyeunganishwa na jeni iitwayo caramel. Majina yanaweza kukuzidi, lakini ukishajua kwamba nyuma ya jina kuna jeni moja, mbili au tatu, swali lako kwa muuzaji huwa jepesi: jina hili limeundwa kwa jeni zipi, na wazazi wake walikuwa nazo?

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza mahali penyewe ambapo jeni ya amel imeharibika: ni katika jeni iitwayo OCA2. Nataka nisimame hapa kidogo, na naomba nieleweke kwa heshima. Jeni hiyo hiyo tunayo sisi binadamu, na hitilafu zake ndizo chanzo kikuu cha ualbino barani Afrika. Sisemi hivi ili kumfananisha mtu na mnyama. Nasema kwa sababu baadhi yetu tumetoka katika vijiji ambako ndugu zetu wenye ualbino wameteswa na hata kuuawa kwa imani za uchawi, na mtoto anayeelewa kwamba wazazi wawili wanaweza kubeba nakala moja moja bila kujua, kisha zikakutana kwa mtoto wao, amepata jibu ambalo wengi wetu hatukupewa utotoni.

Turudi mezani kwa muuzaji. Kuna maneno mtayakuta yameandikwa juu ya kikopo: "66% het amel". Maana yake ni nini? Het ni neno la wafugaji kwa nyoka aliyebeba nakala moja tu ya jeni. Maana yake ni kwamba wazazi wote wawili walibeba jeni ile, na kinda huyu ana sura ya kawaida. Tumeona kwamba katika makinda wanne mmoja ni amel. Katika watatu wa kawaida waliobaki, wawili wamebeba na mmoja hakubeba. Wawili kati ya watatu, ndiyo hiyo asilimia 66. Kinda huyu ama amebeba ama hakubeba, na kwa kumtazama hakuna mtu anayejua, hata muuzaji. Kwa mtoto anayetaka nyoka wa kumshika na kumpenda, maandishi hayo hayana thamani hata ya dola moja. Ni ya wafugaji wanaozalisha. Mzazi asikubali kulipa zaidi kwa ajili ya rangi ambayo haipo juu ya ngozi.

Jambo linalofuata ndilo linaloleta machozi kwa watoto: rangi ya kinda si rangi ya nyoka mkubwa. Yupo mama mmoja wa Uvira, amekaa humu ndani na ameniruhusu nisimulie bila kumtaja, ambaye binti yake alitaka nyoka wa zambarau. Alikuwa ameona picha za Lavender kwenye simu. Tulikwenda pamoja kwenye maonyesho ya reptilia, na muuzaji akafungua kikopo: ndani yake kulikuwa na kinda wa kijivu chenye kahawia, mwembamba kuliko penseli, asiye na zambarau yoyote ya kutajika. Kando yake palikuwa na kinda wa amel, mwekundu na mweupe, anang'aa. Binti alinyamaza, akaangalia chini, na mama akaanza kumvuta kuelekea kwa yule anayeng'aa. Hapo muuzaji, ambaye alikuwa mtu wa maana, aliinama chini ya meza akatoa kisanduku kikubwa, na ndani yake alikuwamo baba wa kinda: dume lililokomaa, mwili wa kijivu kilichotulia chenye zambarau ndani yake, mabaka yaliyokolea kidogo kuliko mwili, macho mekundu ya giza. Binti alimshika, akamzungusha mkononi, akauliza kama yule mdogo atakuwa hivi. Muuzaji akamwambia atakuwa karibu na hivi, na itachukua miaka. Walimnunua yule wa kijivu. Mama mwenyewe ataweza kuwaeleza amefikia wapi.

Kwa hiyo wazazi, waoneni wazazi! Anery anayezaliwa na kijivu safi, akikua huanza kuonyesha umanjano shingoni na chini ya kidevu, kwa sababu umanjano ni rangi inayojikusanya polepole baada ya kuanguliwa. Wapo wanaoupenda na wapo wanaouona kama doa. Snow naye hupata manjano ya namna hiyo hiyo. Kinda wa caramel ni rahisi kumdhania anery, na kinda wa Butter ni rahisi kumdhania Snow, mpaka umanjano utokeze. Bloodred, ambaye mkubwa wake ni mwekundu karibu mwili mzima na mabaka yamezama, huanguliwa akiwa na kichwa cha kijivu na mabaka yanayoonekana vizuri, na aliyemwona mkubwa tu hatamtambua mdogo. Amel ndiye asiye na mshangao mkubwa: alivyo akiwa mdogo ndivyo atakavyokuwa kwa sehemu kubwa, na kwa mtoto asiye na subira huyo ndiye chaguo langu la kwanza.

Tena msimhukumu nyoka kwa rangi siku anapokaribia kujivua gamba. Watanzania msicheke, nazungumzia gamba la nyoka kweli, si lile la siasa. Siku hizo mwili hufifia, macho huwa na utando wa bluu ya maziwa, na nyoka mzuri huonekana mchafu. Akishajivua, hiyo ndiyo saa ya kumtazama na kumpiga picha.

Sasa naomba mnisikilize kwa utulivu, maana nakuja kwenye jambo ambalo wauzaji wengine hawapendi lisemwe. Zipo rangi zinazokuja na mzigo.

Mzigo mmoja huitwa stargazer. Ni hitilafu ya mishipa ya fahamu inayorithiwa kwa njia ile ile ya kujificha: nyoka mwenye nakala mbili hushindwa kujiweka sawa, kichwa hugeuka juu, mwili hujisokota, akitambaa hupinduka. Mwenye nakala moja hana dalili yoyote. Hitilafu hiyo iligunduliwa katika ukoo wa rangi iitwayo Sunkissed, na kwa kuwa wafugaji huchanganya rangi kila mwaka, imesambaa kwenye koo nyingine pia. Niliwahi kumwona mmoja kwa mfugaji ambaye hakujificha. Alimweka hadharani makusudi, akimwonyesha kila aliyeuliza bei ya Sunkissed, kisha akawapa karatasi ya vipimo vya wazazi wa makinda aliokuwa akiuza. Siku hizi maabara za hapa Marekani hupima jeni hiyo kwa kutumia gamba alilojivua nyoka, bila hata sindano. Basi kuna sababu gani ya kununua Sunkissed ambaye wazazi wake hawajapimwa? Mimi siioni.

Mzigo wa pili ni mchanganyiko usiotajwa. Nyoka wa mahindi huweza kuzaana na jamaa zake, kama vile nyoka wa Emory wa nyanda za kati, na hata na nyoka mfalme wa California. Watoto wao huwa wazuri, na wengine hupewa majina yao wenyewe sokoni. Sina ugomvi na mwenye kuwauza kwa uwazi. Ugomvi wangu ni na yule anayemuuza chotara kama nyoka wa mahindi halisi. Kuna sababu pia ya mezani: nyoka mfalme hula nyoka wenzake, na wapo watu wanaoweka makinda wawili katika tangi moja wakidhani ni ndugu. Nyoka wa mahindi mwenyewe hahitaji mwenza. Awe wa rangi gani, kila mmoja akae peke yake.

Na kuhusu nyoka wasio na magamba mgongoni, ambao vijana mmewaona kwenye video, nitasema maneno machache tu. Wapo, wanauzwa, tumboni kwa kawaida wanabakiwa na magamba ya kutambalia. Mimi simnunulii mtoto. Gamba ni kinga dhidi ya jeraha na dhidi ya kukauka, na nyoka wa kwanza wa mtoto anahitaji kinga zaidi, hahitaji kupunguziwa.

Kijana mmoja aliniuliza pale mlangoni juu ya Palmetto, yule mweupe aliyenyunyiziwa vidoa vya rangi mbalimbali. Huyo ana historia nzuri: wa kwanza alipatikana porini, South Carolina, mwaka 2008, na wazao wake walipoanza kuuzwa bei ilikuwa maelfu ya dola. Imeshuka sana tangu wakati huo, kama ilivyoshuka ya kila rangi kabla yake. Kijana, kama unaipenda rangi hiyo, subiri. Rangi za nyoka hazina tabia ya kupanda bei. Wanazaana kila mwaka, na jike mmoja huweza kutaga mayai kumi na zaidi kwa mara moja. Anayekushawishi kwamba unawekeza fedha amekosea biashara.

Mtaniuliza, je, rangi fulani ni wapole kuliko nyingine? Hapana. Snow huweza kuwa mkali na wa kawaida akawa mpole. Upole unatokana na nyoka mmoja mmoja na jinsi anavyoshikwa. Amel na wengine wenye macho mekundu wasiwekewe taa kali inayowamulika bila mahali pa kujificha, lakini maficho ni haki ya nyoka yeyote, na joto la upande mmoja wa tangi, karibu nyuzi 29 za Selsiasi, likisimamiwa na thamostati, ni lile lile kwa rangi zote.

Siku ya kununua, baada ya kuwaona wazazi, muulize muuzaji kinda amekula mara ngapi na amekula nini, na mwombe rekodi. Kinda aliyekula panya waliogandishwa na kuyeyushwa mara kadhaa bila kutapika, wa rangi ya kawaida, ni bora kuliko kinda wa rangi adimu ambaye bado anakataa chakula. Mtazame chini ya magamba ya kidevu na kuzunguka macho kama kuna vidudu vyeusi vya utitiri. Na nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano isubiri kwanza, kwa sababu reptilia hubeba salmonela bila kuugua, na mamlaka za afya za hapa Marekani haziwashauri kukaa nyumba moja na watoto wa umri huo. Wengine wote, mikono na sabuni kila baada ya kumshika.

Aliyeuliza kama anaweza kumpeleka nyoka Mombasa wakati wa likizo: usimfiche kwenye begi. Kuingiza mnyama hai wa kigeni kunahitaji vibali vya nchi zote mbili, na nyoka huyu akitoroka katika nchi ya joto anaweza kuota mizizi, kama alivyofanya kule Grand Cayman.

Nimekuja na jike wa amel aliyekomaa, yumo ndani ya kisanduku chenye kufuli kwenye meza ya kulia, pamoja na picha za wazazi wake wote wawili. Alikula mapema wiki hii, kwa hiyo anaweza kushikwa, mtoto mmoja mmoja, na mzazi akiwa kando. Mwenye tangazo la kinda anayemfikiria aje nalo kwenye simu, tulisome pamoja: jina, jeni, wazazi, bei. Bwana Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti.